Mguu Nilioukataza Kukanyaga

Nilikuwa nimebakiza mishono mitano. Naikumbuka idadi kwa sababu niliihesabu, na niliihesabu kwa sababu ndivyo nilivyo. Nilikuwa nimekaa mkekani ndani ya nyumba ya bibi yangu huko Sindeni. Nilikuwa nimekuja kumsalimia kwa siku tatu, lakini nilibeba na kazi, gauni la mteja wangu wa Korogwe lililohitaji kupindwa kwa mkono. Upindo wenyewe ulikuwa wa ndani, na mtu asingeuona mpaka aligeuze gauni akiwa na nia mbaya. Mimi nilitaka uwe umenyooka kama mstari wa daftari.

Nje nikasikia sauti ya bibi. "Nipokee, mke mwenzangu! Kichwa kinazama!"

Ameniita mke mwenzake tangu nikiwa mtoto, kwa utani wa bibi na mjukuu. Na kupokea kwetu si jambo la kuombwa mara mbili. Mtu mzima akirudi na mzigo kichwani, mdogo aliyeko nyumbani anatoka mbio kuuchukua. Kule maji ni ya kuyafuata lamboni, na ndoo moja ina safari ndani yake. Nilipokuwa na miaka saba hivi nilichelewa kumpokea kwa sababu nilikuwa napanga vizibo vya soda kwa rangi zake, na jirani akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu mjukuu ana mikono ya kulia ugali tu." Tangu siku ile sikuchelewa tena. Nilikuwa namsikia bibi kabla hajatokeza.

Isipokuwa siku hii. "Nakuja, bibi!" nilijibu, nikapiga mshono wa kwanza. Nikapiga wa pili. Wa tatu ulikaa upande kidogo, nikaufumua. Hapo ndipo nikasikia ndoo.

Alikuwa amekaa chini mbele ya kizingiti, kanga imelowa mpaka kiunoni, ndoo imelala pembeni yake. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda katikati ya goko, mahali ambapo mguu hauna kiungo. Aliutazama kama anatazama kitu cha mtu mwingine kilichoachwa mlangoni kwake. Kisha akaniuliza, "Ndoo imepasuka?"

Nilisema hapana.

"Basi nusu hasara," alisema, na hapo ndipo uso wake ukakunjamana kwa maumivu.

Sindano ilikuwa bado mkononi mwangu.

*

Hospitalini walimpiga picha ya eksirei, wakasema ni mfupa wa muundi, umevunjika lakini haujasagika. Walimfunga plasta ngumu, ile ambayo mtaani tunaiita hogo, kuanzia pajani hadi karibu na vidole. Daktari aliniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyeshika kalamu: "Wiki sita asikanyage kabisa. Hata kidole." Niliandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Ndiyo, nilikuwa na rula.

Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza shule. Bibi ndiye aliyenilea, na hana mwingine wa kumtazama, kwa hiyo nilimleta chumbani kwangu Korogwe. Njiani, nyuma ya gari tulilokodi, alinishika mkono akasema jambo moja ambalo aliendelea kulisema kila siku baada ya hapo.

"Mimi nitarudi Sindeni kwa miguu yangu. Vuli ikianza niwe nyumbani. Usije ukanirudisha nimebebwa kama gunia la mahindi."

"Utarudi, bibi."

"Unamkumbuka yule mzee wa kule juu? Aliteguka nyonga, wanawe wakampenda sana. Wakamlaza. Bado kalazwa mpaka leo."

Nilimwambia asiwaze mambo hayo. Niliyawaza mimi.

Niseme kidogo namna ninavyojifunza vitu, maana kosa langu lilipitia humo. Shule niliishia kidato cha nne. Ushonaji nilijifunza mwenyewe kwa kununua nguo za mitumba na kuzifumua, nizione zilivyounganishwa, kisha kuzirudishia. Sasa nina cherehani ya kukanyaga, nimeiweka kwenye baraza la duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, ambaye babu yake aliuza vitambaa mlango uleule. Kila ninachokijua nimekipata kwa kufumua. Bibi alipovunjika, nilitaka kuufumua na mfupa. Nilipakua kwenye simu kitabu cha Kiingereza kuhusu mwili wa binadamu, nikawa nakisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja asubuhi kabla ya kwenda barazani.

Humo nilikuta jambo lililonishangaza. Nilikuwa nikidhani mfupa ni kama boriti, ukishakomaa umekomaa. Kumbe ndani yake mna chembe hai zinazobomoa na nyingine zinazojenga, kila siku, maisha yote. Na kuna nyingine zimekaa katikati ya mfupa wenyewe, zimezungukwa pande zote, na kazi yake ni kusikia. Mtu akikanyaga, mfupa unaminywa kidogo sana, nazo zinausikia mminyo huo. Palipominywa zinaita wajenzi. Palipokaa kimya siku nyingi, wabomoaji wanaendelea na kazi yao na hakuna anayewajibu. Nyama ya mguu nayo ni hivyohivyo, na kano, na hata ngozi. Nilitazama kidole changu cha kati, mahali sindano inaposukumwa, penye sugu ngumu kama punje ya mahindi. Hakuna aliyeiweka pale. Iliwekwa na sindano.

Nilielewa vizuri, wala sikuwa mjinga. Lakini ukurasa wa mbele kidogo palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba mfupa unaoungana unaweza kuvunjika tena ukipewa uzito kabla ya wakati. Kurasa zote zile zikafutika. Ile sentensi ndiyo niliyobaki nayo.

*

Wiki sita zile nilikuwa mjukuu wa kupigiwa mfano. Nilimwogesha, nilimletea beseni, nilimwinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha plastiki na kumrudisha. Niliweka mto chini ya hogo, na chini ya mto nikaweka kanga iliyokunjwa mara nne, kingo zikiwa sawa. Alipotaka kujisogeza mwenyewe nilikuwa nimeshafika. Wapangaji wenzangu walikuwa wanapita mlangoni na kusema, "Bibi, hapo umepata mjukuu." Nakiri kwamba nilikuwa nazisubiri sauti hizo. Kila sifa ilifunika mshono mmoja kati ya ile mitano.

Siku ya kukatwa hogo niliogopa hata sauti ya kile kisumeno. Mguu uliotoka ndani yake sikuutambua. Ulikuwa mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka kama maganda ya vitunguu, na una harufu. Bibi aliucheka. "Huu ni wa kuku," alimwambia nesi. Mimi nilitoka nje ya chumba, nikijifanya nakwenda kuuliza kitu.

Ukumbini nilikutana na dada wa mazoezi ya viungo, msichana asiyenizidi miaka mingi, mwenye viatu vya raba na sauti ya haraka. Alikuwa ameshaiona picha mpya.

"Wewe ndiye unayekaa na bibi? Mfupa umeunga vizuri. Kuanzia leo akanyage kidogo kidogo, kwa magongo. Kila siku aongeze. Usimwonee huruma."

"Na ukivunjika tena?"

"Ndiyo maana unakuwa karibu naye. Lakini ukiuweka tu, utalainika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Aliandika maneno hayohayo kwenye kadi, akanipa pamoja na magongo mawili, akaitwa kwingine. Nilibaki na kadi mkononi. Viganja vilikuwa vimelowa kiasi kwamba wino ulianza kutambaa. Niliona tena mguu uliopinda pasipo na kiungo. Niliusikia tena mlio wa ndoo. Niliona kabisa, kama picha, bibi anaanguka kwenye sakafu ya chumba changu na mimi nimesimama pembeni, safari hii bila hata gauni la kusingizia.

Nilirudi ndani. Bibi akauliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema tuendelee kupumzika kwanza. Na magongo haya ni ya baadaye."

Ilitoka kirahisi tu. Nilikuwa nimejiandaa kugugumia, wala sikugugumia.

*

Niliendelea kumbeba. Magongo niliyasimamisha nyuma ya kabati. Na kila Ijumaa, baada ya kumwogesha, nilichukua futikamba yangu ya kazi nikampima unene wa misuli ya mguu, chini ya goti, kulia na kushoto. Nilimwambia ni kwa ajili ya kumbukumbu za hospitali.

"Unanishonea suruali?" alikuwa akiuliza.

"Ndiyo, bibi. Ya mguu mmoja."

"Usinibane kwenye makalio."

Tulikuwa tunacheka. Kisha nilikuwa nakwenda pembeni kuandika. Ijumaa ya kwanza, tofauti ya miguu miwili ilikuwa sentimita tatu. Ijumaa ya tatu ilikuwa tatu na nusu. Ya nne nilipima mara tano, nikitumaini nimekosea, nikabadilisha hata futikamba. Zilikuwa nne. Na mguu wa kushoto, ule mzima, nao ulikuwa umeanza kupungua, kwa hiyo tofauti ilinidanganya. Ukweli ulikuwa mbaya zaidi. Mimi ni fundi, najua kusoma namba za mwili wa mtu. Nilikuwa naona bibi anavyoisha kwa kipimo changu mwenyewe na bado sikuthubutu kuyatoa magongo nyuma ya kabati. Nilijiambia wiki ijayo, ukiwa na nguvu kidogo. Niliusubiri mguu upate nguvu ndipo ukanyage, nami nilikuwa nimesoma kwa macho yangu kwamba nguvu inatokana na kukanyaga.

Kilichonitisha kuliko namba ni kingine. Bibi alikuwa na mazoea ya kuniuliza kila nikirudi kutoka barazani, "Mawingu yako upande gani?" Alikuwa anaisubiri vuli. Wiki ya tano ya uongo wangu nilirudi, nikavua viatu, nikapanga mboga za Makuyuni nilizonunua, na hakuniuliza. Kesho yake hakuuliza. Nilimwambia mwenyewe, "Leo kuna mawingu upande wa milimani, bibi." Akasema, "Mm." Akageukia ukutani.

*

Siku ya kurudi kliniki nilimpeleka kwa bajaji, nikamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha mazoezi. Dada wa viatu vya raba alikuwa pale. Alilitupia jicho faili la bibi, akapiga magoti, akaushika mguu.

"Shikamoo, bibi. Haya, simama tuone unavyokanyaga."

Bibi alinitazama. "Marahaba. Nikanyage?"

"Ndiyo. Mazoezi si mnafanya?"

"Mazoezi gani, mwanangu?"

Dada aliinua kichwa, akanitazama mimi, si bibi. Nilifungua mdomo. Sijui mpaka leo nilitaka kusema nini, kwa sababu bibi aliniwahi.

"Aa, yale! Hayo ndiyo unayaita mazoezi? Mimi ndiye mvivu, mwanangu. Huyu mtoto ananisumbua kila siku, inuka bibi, inuka bibi. Mimi namfukuza."

"Bibi, kumbe wewe mkaidi hivyo?"

"Sana. Uliza Sindeni nzima."

Na dada akamgombeza. Alimgombeza kwa heshima, lakini alimgombeza, kwa dakika nzima, na mimi nilisimama nimeshika mpini wa kiti nikamwacha bibi yangu agombezwe kwa kosa langu. Katika yote haya, hilo ndilo gumu kuliandika.

Waliupiga mguu picha nyingine. Dada aliiweka kwenye mwanga karibu na ile ya zamani. "Tazameni. Palipovunjika pameshika. Lakini mfupa wote, kuanzia gotini mpaka kifundoni, umefifia. Zamani ulikuwa mweupe hivi, sasa unaona kama moshi. Mwili hautunzi kitu kisicho na kazi."

"Utarudi?" bibi aliuliza. Hakuwa anatania tena.

"Sikudanganyi, bibi. Kwa umri wako, sidhani kama utarudi wote. Tukianza leo tunaweza kupata wa kutembelea. Mkikaa miezi mingine hivi, sina la kukuahidi."

*

Nje ya hospitali kuna benchi la saruji karibu na wauza machungwa. Bibi aliniamuru nisimamishe kiti chake hapo. Alinunua chungwa, akalimenya polepole bila kuliangalia, ganda likitoka refu bila kukatika.

"Haya, mke mwenzangu. Niambie."

Nilitoa kadi kwenye pochi. Ilikuwa imekaa humo wiki zote zile.

"Sina miwani. Nisomee."

Nilisoma. Aanze kukanyaga kidogo kidogo. Aongeze kila siku. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa mguu wangu usivunjike tena."

"Ndiyo, bibi."

"Au uliogopa usivunjike ukiwa wewe upo?"

Watu walipita, mwuza machungwa alikuwa anapiga mluzi. Bibi alikula pande moja la chungwa, akatema mbegu.

"Siku ile nilianguka kwa sababu niliteleza," alisema. "Nilivaa ndala zilizokwisha nyayo. Wewe ungekuwa umesimama mlangoni ningekuangukia wewe. Hilo nilitaka kukwambia tangu mwanzo, nikaona unafurahia kunibeba, nikakuacha. Kosa langu hilo. Lakini huu mguu ulikuwa mzigo wangu. Sikukwambia unipokee."

Baada ya hapo hakuniongelesha siku mbili, isipokuwa "maji" na "chai". Nilifanya kila kitu kwa usahihi zaidi, na kila nilichofanya kwa usahihi kilimuudhi zaidi. Nilipokunja kanga ya kuwekea mguu, aliivuta akaitupa.

Siku ya tatu asubuhi alisema, "Nipeleke na mimi hapo barazani kwako. Nimechoka na huo ukuta."

*

Alikaa kwenye kiti kando ya cherehani, akinitazama nikikanyaga. Cherehani ya miguu ina bamba la chuma chini. Unakanyaga kwa kisigino, kisha kwa vidole, kisigino, vidole, na gurudumu linazunguka. Alitazama miguu yangu muda mrefu.

"Toka hapo," alisema. "Nikae mimi."

"Bibi, ngoja nimuulize kwanza dada wa hospitali."

"Nenda. Na ukimwuliza, mwambie na lile jingine."

Nilikwenda kwa miguu, nusu nikikimbia. Nilimweleza dada kila kitu, kadi, uongo, namba za Ijumaa. Alinisikiliza akiwa anafunga kamba za kiatu. Nilitegemea anifukuze. Alisema, "Nilijua. Bibi hajui kudanganya, alicheka macho." Kisha akasema kanyagio la cherehani ni zuri kwa kifundo na kwa kuamsha misuli, lakini halitoshi, mfupa unataka uzito wa mtu aliyesimama. "Akanyage cherehani, apumzike, kisha asimame ashike meza yake. Hesabu kumi. Wewe usimshike."

"Nisimshike kabisa?"

"Kaa karibu. Mikono yako iweke mgongoni kwako. Wewe ndiye mgonjwa wangu wa pili."

Mara ya kwanza bibi aliposimama nilihesabu kwa sauti na nilifika nne. Kitu kilialika. Nilipiga kelele, nikamkumbatia kiuno kwa nguvu, karibu nituangushe sote pamoja na cherehani. Kumbe ni benchi la mteja.

"Utaniua wewe, siyo mguu!" bibi alisema huku anahema. "Niachie. Anza tena moja."

Nilianza tena moja. Niliona vidole vya mguu wake vikijishika sakafuni, kifundo kikitetemeka kama kamba iliyovutwa, jasho likimtoka juu ya mdomo. Niliwaza zile chembe ndani ya mfupa, zilizokaa gizani wiki kumi na moja bila kusikia chochote, na sasa zinasikia. Sijui kama zilisikia. Niliomba zisikie. Mikono yangu nilikuwa nimeishika mgongoni, na baadaye nilikuta alama za kucha kwenye kifundo cha mkono.

Kukanyaga ndiko kulikonitesa kwa namna nyingine. Bibi hakutaka kukanyaga bure, alisema yeye si mwendawazimu wa kuendesha gurudumu lisilokwenda popote. Alitaka kitambaa. Kwa hiyo alikaa akikanyaga, mimi nimesimama pembeni naongoza kitambaa chini ya sindano. Mguu wa kulia ulikuwa dhaifu, unasukuma na kuchoka, unasukuma na kuchoka, na mshono ulitoka kwa kurukaruka, mrefu, mfupi, umepinda. Mimi, ninayefumua upindo wa ndani, niliutazama ukitoka hivyo na mikono ikaniwasha. Siku moja nilichukua kiwembe kuufumua.

"Ukifumua hapo, umefumua na hatua zangu," bibi alisema. "Acha."

Mama mwenye duka alitoka kuona. Aliinua kile kitambaa, akakigeuza. "Fundi, huu mshono ulipanda bodaboda?"

"Nimeshona mimi," bibi alisema.

"Hee! Basi mzuri sana, mama. Mshono wa kisasa huu. Nitawauzia watu wa Dar."

Kazi za wateja nilizishona mwenyewe asubuhi. Vipande vilivyobaki vilikuwa vya bibi. Kutokana na vipande hivyo tulishona vishika sufuria ambavyo hakuna aliyevinunua, na mwishoni bibi akataka tushone ngata, ile pete ya kitambaa ya kuwekea mzigo kichwani. Kwa kawaida mtu anasokota tu kanga. Yeye alitaka ya kushonwa, imejazwa mabaki, yenye mshono wake wa bodaboda kuzunguka pande zote. Nilijua anaiandaa kwa ajili ya nini. Sikumwuliza, kwa sababu nilikuwa naogopa jibu.

Ijumaa niliendelea kupima. Namba ilikaa palepale wiki mbili, nikawa siwezi kula vizuri. Wiki ya tatu mguu ulirudisha nusu sentimita. Nilimwonyesha bibi daftari. Akauliza mawingu yako upande gani.

*

Alirudi Sindeni siku chache kabla ya mvua ya kwanza. Alishuka kwenye gari mwenyewe, na kutoka barabarani mpaka nyumbani alitembea kwa gongo moja, akichechemea, akisimama kila baada ya miti michache kusalimiana na watu ili apumzike bila kuonekana anapumzika. Anachechemea mpaka leo. Dada wa mazoezi alituambia huenda hilo haliondoki. Ukiniuliza ni wiki zipi zilizolileta hilo, nitakutajia moja moja, ninazo kwenye daftari.

Siku ya pili nilikuwa nimekaa uani, napinda sketi, nikainua macho sikumwona. Nyuma ya mlango, ile ndoo ndogo ya kutekea haikuwepo. Wala ngata.

Sijui nilivyofika njiani. Najua nilikuwa na sketi mkononi na sindano inaning'inia kwenye uzi. Nilimwona kwa mbali anatoka upande wa lambo, gongo mkono wa kulia, ndoo ndogo kichwani, shingo imenyooka vile ninavyoifahamu tangu utotoni. Nilianza kukimbia.

"Simama hapohapo!"

Nilisimama.

"Rudi mlangoni."

"Bibi, tafadhali, nipe tu ndoo..."

"Rudi mlangoni, nimesema. Ulikuwa unanipokelea huku porini, ndiyo sababu mguu ukasahau njia."

Nilirudi kinyumenyume, sikuweza kumpa mgongo. Nilisimama kizingitini nikamtazama akija. Niliona unavyokanyaga, unavyotetemeka, unavyoubeba mwili wote na ndoo juu yake kwa kitambo kifupi mno, kisha unamwachia mwenzake. Maji hayakumwagika. Nilihesabu kila hatua. Alipofika kwenye jiwe la kupandia mlangoni, pale alipoteleza siku ile, alisimama. Alichungulia chini, akachagua pa kuweka gongo, akapanda.

Alisimama mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia anavyohema.

"Haya," alisema. "Sasa nipokee."

Niliinua mikono nikaishika ndoo. Mikono ndiyo iliyokuwa inatetemeka, si mguu wake, na maji yalinimwagikia kifuani yakamlowesha na yeye uso. Alijipangusa kwa kanga. Ngata ilibaki kichwani imekaa upande, mshono wake wote uliopinda ukionekana juani.

Kisha akaketi kizingitini, akaunyoosha mguu wa kulia mbele yangu, akavuta kanga juu ya goti.

"Leo Ijumaa," alisema. "Pima."